Kliniki ya mapigo ya moyo iliyonitibu: wanapima vizuri, ila karatasi yao ya kurudi nyumbani ina pengo

Kwa miaka tisa moyo wangu ulikuwa ukinichomoka. Nipo kwenye cherehani, nainama kuokota pini, ghafla unaanza kwenda mbio hadi shingo inacheza. Nusu saa, siku nyingine saa nzima, kisha unatulia ghafla kama ulivyoanza. Nikifika zahanati umeshapoa, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, safi. "Mama, una mawazo." Nilipewa vidonge vya usingizi, nikaambiwa nipunguze chai.

Kaka yangu alianguka mara moja tu, msikitini. Mwezi uliofuata alikuwa ameshatibiwa.

Hasira hiyo niliibeba hadi kliniki hii ya Dar es Salaam. Daktari akageuza fomu yangu, akachora mioyo miwili nyuma yake. Wa kaka una njia ya ziada ya umeme ambayo ECG huiona hata akiwa amepumzika, na ugonjwa huo huwapata wanaume zaidi. Wangu una njia mbili pale pale umeme unapovuka katikati ya moyo, na hauonekani mpaka mbio zenyewe zianze. Wanawake wenye aina hii ni karibu mara mbili ya wanaume. Nililia pale kitini. Miaka tisa, na maelezo yenyewe yalichukua dakika tano.

Kisha akaandika kwenye kadi yangu: akija na mapigo, apimwe ECG kwanza, malipo baadaye. Kwa mstari huo peke yake nawapa nyota nne. Wiki ya tatu nilifika kwa bodaboda, mkono kifuani. Mlinzi akasoma kadi, hata sikupita dirisha la malipo, nikabandikwa nyaya. Mapigo 188 kwa dakika. Wakanichoma adenosini, dawa ya kukata mbio za moyo, walinionya kwamba kwa sekunde chache nitahisi kama nakata roho, na ndivyo ilivyokuwa. Moyo ukarudi. Nakala ya karatasi ile ninayo kabatini.

Tiba yenyewe ni kuunguza ile njia kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena. Kwa aina yangu hufaulu kwa zaidi ya watu 95 kati ya 100, na wachache sana huishia kuwekewa betri ya moyo. Waliniambia yote mawili kabla sijasaini. Walinipima mimba pia, kwa sababu ya mionzi.

Bibi wa kitanda cha jirani alikuwa na ugonjwa mwingine, ule wa mapigo yasiyo na mpangilio. Kwa wanawake wenye ugonjwa huo mambo ni magumu zaidi. Baadaye nilisoma kuhusu CABANA, utafiti uliolinganisha kuunguza na dawa kwa ugonjwa huo, wagonjwa 2,204, wanawake 37 tu katika kila 100. Kuunguza kuliwapunguzia wote kurudiwa na ugonjwa, lakini wanaume walinufaika zaidi. Wanawake pia huletwa wakiwa wamechelewa, na hutokwa damu kinenani mara nyingi kuliko wanaume.

Hilo la kinena ndilo lililonipata. Karatasi ya kurudi nyumbani ilisema "pumzika, usibebe mizigo mizito". Kaka alipoambiwa hivyo, mkewe alimletea hadi maji ya kunawa. Mimi siku ya pili maji yalikatika, nikaenda bombani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, lakini nani nyumbani kwetu huiita mzigo? Jioni kinena kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi hadi katikati ya paja. Nilipopiga simu waliniambia nije mara moja, wakanikandamiza kinena, wakanilaza. Sikuwa hatarini, ila hakuna aliyekuwa ameniuliza nani anachota maji.

Leo ni miezi minane, moyo haujanichomoka hata mara moja. Siku ya kliniki ya mwisho nilimweleza sista habari ya ndoo. Akachukua kalamu ya buluu, akaandika chini ya karatasi yangu: "Ndoo hapana, siku saba. Mtoto mgongoni hapana." Naomba wayachape maneno hayo kwenye karatasi zote, hapo nitaongeza nyota ya tano.