Densi inayochora: uzoefu wangu wa jioni moja Industrial Area

Maonyesho mengi ya densi na uchoraji niliyowahi kuona Nairobi ni mambo mawili yaliyokodishiwa ukumbi mmoja. Wachezaji wanacheza katikati, mchoraji yuko pembeni na turubai lake, mbiombio amalize kabla muziki haujazimwa. Hili la Jumamosi, kwenye ghala moja la Industrial Area, lilikuwa kitu kingine. Hapa anayecheza ndiye anayechora.

Kitambaa cha amerikani kilitandazwa sakafuni karibu ukumbi mzima, kimepigwa rangi nyeupe na kubanwa kingo zote kwa seloteipu pana kisikunjike. Wachezaji waliingia pekupeku. Mwanzo walichora kwa makaa yaliyosagwa, taratibu mno kwangu, lakini isukuti, densi ya ngoma ya magharibi mwa Kenya, ilipoanza nilisahau hata simu yangu. Ngoma tatu zilipokolea, ile kubwa, ya kati na ndogo, dada mmoja aliyechovya mikono kwenye rangi nyekundu alianza kutikisa mabega, na kila mtikiso ukarusha matone. Mdundo ukienda kasi, matone yanakuwa madogo na mengi. Ukipoa, visigino vinaburura mistari minene. Baadaye nilikizunguka kitambaa na niliweza kuonyesha kwa kidole pale ngoma ilipobadilika. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iko tangu 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na nilifurahi sana kuiona imepewa kazi mpya, si kuitwa tu kuwapokea wageni wa heshima.

Wazo lenyewe si la jana. Kazuo Shiraga wa Japani alichora kwa nyayo huku akining'inia kwenye kamba, miaka ya 1950. Mwaka 1960 jijini Paris, Yves Klein aliwaelekeza wanawake waliojipaka rangi ya buluu wajibandike kwenye karatasi, yeye mwenyewe akiwa ndani ya suti. Hiyo ya Klein hainivutii: mwili ulikuwa brashi, na aliyeishika ni mwingine. Kwa hawa vijana wetu, mchezaji mwenyewe ndiye anayeamua mstari uende wapi.

Sasa kasoro. Viti vyote vilipangwa sakafu sawa ilhali picha iko chini, kwa hiyo waliokaa nyuma waliona vichwa na mabega tu. Waweke hata ngazi za mbao. Halafu mwishoni walikikata kitambaa vipande na kuviuza papo hapo. Najua kodi ya ukumbi hailipwi kwa makofi, lakini kipande chenye urefu wa mkono mmoja hakikuonyeshi densi iliyokizaa. Wangeuza picha zilizochapishwa, kitambaa kibaki kizima.

Kiingilio cha shilingi 800 ni haki kabisa. Fika mapema ukamate safu ya mbele, nenda na watoto, na usivae nguo unayoionea uchungu. Rangi ni ya maji. Ikikudondokea ioshe kabla haijakauka.