Karakana ya Barabara ya Kirinyaga: fundi anayetafuta shoti kabla ya kugusa fyuzi

Kwa majuma matatu Probox yangu ilikuwa ikipoteza taa za nyuma na za dashibodi kila baada ya siku mbili, nami hupakia mboga katika soko la Wakulima kabla hakujapambazuka. Fundi wa kwanza, wa mtaani kwetu, alibadilisha fyuzi mara mbili; mara ya tatu akaitoa ile ya ampea 10 na kuchomeka ya ampea 30 ili isiungue tena. Hiyo ni hatari kubwa, kwa maana fyuzi imewekwa iwe ya kwanza kukatika, na ikizidi uwezo wa waya, waya wenyewe ndio huungua, chini ya zulia mahali usipopaona.

Ndipo nikaelekezwa kwenye karakana ndogo ya umeme wa magari katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Fundi aliing'oa fyuzi ile kabla ya jambo lingine lolote, kisha akauliza, “Mama, taa hukatika ukifanya nini?” Sikuwa nimeulizwa hivyo. Nilipofikiri, nikakumbuka kwamba mara nyingi ilikuwa baada ya kufungua mlango wa nyuma.

Kwenye nafasi ya fyuzi alichomeka nyaya mbili za balbu ya breki ya wati 21, akawasha taa. Alinieleza kwamba pakiwa na shoti, yaani waya ulio wazi ukigusa bati la gari na umeme kupita bila kufika kwenye taa, balbu hiyo huwaka kwa nguvu zote, na kwa kuwa hairuhusu hata ampea 2 kupita, hakuna kitakachoungua wakati wa kutafuta. Mwanzoni iliwaka kwa unyonge, kwa sababu umeme ulikuwa ukigawana na taa zenyewe. Akauinua mlango wa nyuma polepole, na ulipofika katikati balbu ikang'aa ghafla. Akavuta mpira unaopitisha nyaya karibu na bawaba: waya wa taa ya namba, ambao unatumia fyuzi moja na taa za nyuma, ulikuwa umechubuka kwa kukunjwa kila siku, shaba iko wazi, na bati lililo kando yake lina doa jeusi.

Hakuufunga kwa utepe tu. Alikata sehemu mbovu, akaunga kipande kipya kirefu kidogo ili kisivutwe mlango ukifunguliwa, akalehemu, akafunika viungo kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kisha akarudisha fyuzi ya ampea 10.

Nililipa shilingi 2,500, bei ninayoiona ya haki kwa kazi ya saa tatu. Hata hivyo, mteja hana pa kukaa, na risiti niliandikiwa baada ya kuiomba mara mbili. Anayefanya kazi safi namna hii angeiandika bila kuombwa. Sasa ni miezi miwili, mlango hufunguliwa mara kumi kwa siku, na fyuzi ni ile ile.