Gazebo la laki tatu na themanini: nimelifunga Raskazone, sasa tuseme ukweli

Haya wapenzi watazamaji, mnanisikia? Upepo wa Raskazone, hapa Tanga, leo una hasira, kwa hiyo mkisikia "pa pa pa" hakuna anayebisha hodi, ni bidhaa yenyewe. Ndilo hili gazebo, kibanda cha nguzo na paa la turubai, mlilonisumbua nalo mwezi mzima, "dada lini, dada lini". Vipimo sisomi. Vipo kwenye boksi na macho mnayo.

Muuzaji kaandika "mtindo wa kifalme". Nilipoona picha nikasema, hili si lile banda la bendi la Forodhani? Mliovuka Unguja mnalijua, lile la bustanini mbele ya Beit al-Ajaib. Basi tulipime kwa ufalme huohuo.

Lile lina kwao. Pale palikuwa na mabanda ya forodha, ndiyo asili ya jina. Bandari ikahamia Malindi, Malindi ya Unguja, msije mkanijazia maoni ya Kenya. Mwaka 1936 ikafunguliwa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Haroub, aliyekalia kiti mwaka 1911, na banda la bendi likawa humo. Mapinduzi ya 1964 yakalikuta, bustani ikabadilishwa jina, ikachakaa sana, mpaka taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ilipoikarabati yote na ikafunguliwa tena 2009. Hili langu lina siku kumi na moja. Sogeza simu hapa kwenye nati. Hapo. Kutu! Siku kumi na moja, jamani.

Lakini kutu nitaipaka rangi. Kilichonichoma ni paa. Nyamazeni msikilize. Nipo nje, napiga kofi: pa. Naingia ndani: pa. Mmesikia tofauti? Hakuna, turubai limeiachia sauti ipite. Ngoja nichukue sufuria. Nje... ndani... Mnaona? Sasa twendeni barazani kwa mama, kwenye bati. Pa! Umeisikia hiyo ilivyorudi? Banda la bendi paa lake si la kuzuia jua tu. Paa gumu hurudisha sauti chini na kuitupa pembeni, pande zote ziko wazi, aliyekaa kwenye majani anapata muziki wake bila spika. Na sakafu huinuliwa ili wapigaji waonekane. Hili langu sakafu yake ni mchanga.

Nami nililinunulia muziki! Hapa ni Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, siwezi kuwaweka akina mama wa kikundi chetu cha taarabu chini ya mwavuli. Jana mpiga fidla kaanza, mwimbaji upande wa pili anauliza, "Tumeshaanza?"

Kuna mwenzetu wa Dar kalisifia hilihili akiwa bado hajalitoa kwenye mfuko. Sitaji mtu. Kaangalieni wenyewe, boksi liko nyuma yake na gundi haijabanduliwa.

Enhe, chaneli: tumebakiza watu mia mbili kufika elfu kumi. Bonyeza kengele, Ijumaa usiku nipo mubashara.

Nisilionee lakini. Kivuli kipo, tena kizuri. Juzi saa saba mchana bibi kalala humu mpaka alasiri, kaamka ananiombea dua. Kwa mchuuzi wa madafu au kwa akina baba wa bao, 380,000 si bei mbaya, ukiongeza 15,000 ya bodaboda kutoka stendi. Kwa muziki hapana. Fundi wa mtaani kwetu kaniambia laki tisa, nguzo za mbao, pembe nane, bati juu na dari ya mbao chini yake. Mwanzo nilimcheka. Leo asubuhi nimempigia mwenyewe.

Na wewe muuzaji, kama unatazama, hilo neno "kifalme" lifut... Mpwa, nguzo! Acha simu, shika nguzo!