Koili tatu ndani ya siku tisa: uzoefu wangu na vepu ya kuanzia

Nianze na ladha yenyewe, maana aliyewahi kuipata hahitaji kuelezwa, na ambaye hajaipata hawezi kuikisia. Ni kama umevuta moshi wa shati lililosahaulika chini ya pasi. Inakwaruza koo, inakutoa machozi, halafu inang'ang'ania kinywani nusu siku. Unakunywa maji, unapiga mswaki, bado ipo. Mimi niliipata dakika ya tatu baada ya kufungua boksi la vepu yangu ya kwanza, yaani sigara ya kielektroniki.

Niliinunua ili niachane na sigara, nilizovuta miaka kumi na moja. Kama wewe huvuti, maelezo haya hayakuhusu na wala usianze. Nikotini huteka mtu hata ikija na harufu ya matunda. Lakini kama umeshaivua sigara mdomoni, umeshika kidude chako kipya na kinakupa ladha ya kitambaa kilichoungua, kaa hapa kidogo.

Chombo changu ni zile vepu ndogo za podi, yaani kikasha cha kuchomeka kinachobeba juisi (kimiminika chenye nikotini kinachogeuzwa mvuke). Ina betri ya ndani ya mAh 1000, kioo kidogo kinachoonyesha wati, tangi la mililita 2, na koili unazochomeka kwa chini na kuzitoa zikichakaa. Jina silitaji, kwa sababu vepu za aina hii zinafanana sana na nilichokutana nacho kinaweza kumkuta mwenye yoyote kati ya hizo. Ndani ya boksi kulikuwa na koili mbili, moja ya omu 0.8 na nyingine ya omu 1.2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), pamoja na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane, maandishi yake kama sisimizi wamejipanga. Sikuisoma. Nani anasoma?

Nilichomeka ile ya 0.8, nikajaza juisi, nikafunga kizibo cha mpira, nikavuta kwa nguvu zangu zote kama mtu aliyenyimwa sigara tangu asubuhi, ambavyo ndivyo nilivyokuwa. Mvuto wa kwanza ulikuwa na ladha hafifu. Wa pili ukawa moto wa pasi. Nikadhani nimeuziwa kitu kibovu, nikampigia binamu yangu ambaye ana miaka kadhaa kwenye mambo haya.

"Uliiacha ikae dakika ngapi?"

"Ikae wapi?"

Akacheka mpaka nikaudhika. "Basi kifaa chako hakina neno, kaka. Umechoma pamba."

Hapo ndipo nilipofumbuliwa macho kuhusu koili ni nini hasa. Kwa nje unaona kidude cha chuma kama kofia ya kalamu, chenye vitundu viwili vitatu ubavuni. Ndani yake mna waya mwembamba, au siku hizi wavu mdogo wa chuma, uliozungushiwa pamba. Pamba hiyo ni utambi, tena utambi hasa kama wa koroboi. Inanyonya juisi kupitia vile vitundu na kuipeleka kwenye waya, waya unaipasha mpaka inageuka mvuke. Na kila aliyewahi kukaa na koroboi anajua kinachotokea mafuta yakiisha huku utambi bado unawaka.

Juisi ikiwepo, joto lote linaishia kuigeuza mvuke, kwa hiyo pamba inabaki salama, kama sufuria inavyobaki salama maadamu ina maji. Juisi ikikosekana hata kwa sekunde mbili, joto halina pa kwenda ila kwenye pamba. Na pamba ikishageuka mkaa haigeuki kuwa pamba tena. Mimi nilijaribu kuifufua. Nikaiosha kwa maji ya moto, nikaiacha ikauke usiku kucha, nikairudisha. Ladha ya pasi ikarudi vilevile, sasa ikiwa na kionjo cha maji ya bomba. Usijisumbue.

Dawa ya kosa hili ni dakika chache tu. Kabla ya kuchomeka koili mpya, dondoshea matone mawili matatu ya juisi kwenye kila kitundu mpaka uone pamba imelowa. Chomeka, jaza tangi, kisha iache. Mimi sasa nasubiri dakika kumi, na juisi ikiwa nzito nafika ishirini. Baada ya hapo navuta mara tatu nne bila kubonyeza kitufe, ili hewa iivute juisi ndani. Kama yako inawaka yenyewe ukivuta, hatua hiyo iruke, wewe subiri tu.

Koili ya pili niliitendea haki. Niliidondoshea, nikasubiri robo saa nzima nikiitazama kama chungu mekoni. Ikaungua vilevile. Safari hii nilitaka kuirusha vepu nzima dirishani.

Kosa lilikuwa kwenye kioo. Ile ya pili ilikuwa ya omu 1.2, na ubavuni mwake palikuwa pamechongwa, kwa herufi ambazo nilihitaji tochi ya simu kuzisoma, "8–12W". Vepu yangu ilikuwa bado imekaa kwenye wati 16, nilizoziweka kwa ajili ya ile ya kwanza. Koili yenye omu nyingi kwa kawaida ina waya mwembamba na pamba kidogo, imetengenezwa kwa mvuto mdogo wa taratibu kama wa sigara. Ukiipa wati 16 inachemsha juisi haraka kuliko vile vitundu vinavyoweza kuleta nyingine.

Kuna hesabu ndogo hapa ambayo imenisaidia hata kwa vepu zisizo na kioo. Wati ni volti ikizidishwa kwa yenyewe, kisha kugawanywa kwa omu. Betri ya lithiamu ikiwa kwenye volti 3.7, koili ya omu 1.2 inapata kama wati 11.4, na ya omu 0.8 inapata kama wati 17. Betri ileile, joto tofauti kabisa. Betri iliyojaa inafika volti 4.2, na hapo ile ya 1.2 inakaribia wati 15. Ndiyo maana vepu za bei ya chini zisizodhibiti umeme huunguza zaidi punde tu zikitoka kwenye chaji. Ukiona ladha mbaya inakuja asubuhi na kupungua jioni, anza kuchunguza hapo.

Na hapa nina lalamiko la kweli kwa waliotengeneza hii yangu. Inasoma omu, inazionyesha kabisa kwenye kioo, lakini haishushi wati zenyewe unapobadilisha koili. Vepu nyingine zinafanya hivyo. Ya kuanzia ndiyo ingepaswa kufanya hivyo kuliko zote, maana anayeanza ndiye hajui. Tangu siku ile, kila koili mpya naianzishia kwenye namba ya chini kabisa iliyoandikwa ubavuni, napanda wati moja moja, na mara nyingi nasimama katikati. Sijawahi kuhitaji ile namba ya juu.

Nikanunua pakiti ya koili tano za omu 0.8. Ya tatu, basi. Ililowa vizuri, wati 13, mivuto ya mwanzo safi kabisa. Nikaona nimeshahitimu. Siku ya pili nikiwa na mawazo nikaivuta mfululizo, mmoja baada ya mwingine, na mvuto wa saba au wa nane ukaja na ile pasi. Nikiipumzisha, inakuwa nzuri. Nikirudi kwa pupa, inaungua. Ilidumu siku nne hivyo, kila siku mbaya kuliko jana, mpaka ikafa.

Huyu mhalifu wa tatu ndiye mjanja zaidi, na naona ndiye anayewasumbua wengi bila wao kujua. Juisi ya vepu ina vimiminika viwili vikuu, propilini glaikoli ambayo ni nyepesi, na glisarini ya mboga ambayo ni nzito kama asali. Kwenye chupa huandikwa PG na VG. Nilichagua yangu kwa rangi ya karatasi, na ilikuwa 70VG/30PG, yaani asilimia 70 ni ile nzito. Juisi hiyo inafaa matangi makubwa yenye koili za vitundu vipana, yale yanayotoa wingu la kujaza chumba. Kwenye vitundu vidogo vya podi inatambaa. Inafika, ila inafika imechelewa, kwa hiyo mtu anayevuta taratibu haoni tatizo na mwenye pupa anaunguza. Hali ya hewa ikiwa baridi inazidi kuwa nzito. Nilipohamia 50VG/50PG, tatizo liliisha siku hiyohiyo.

Kuna kipimo rahisi cha macho. Baada ya mvuto, tazama tangi. Viputo vidogo vikipanda, juisi imeingia kwenye pamba na hewa imetoka kuchukua nafasi yake. Usipoona hata kimoja baada ya mivuto kadhaa, pamba haijanywa. Wakati mwingine ni kiputo kikubwa kimekaa kwenye kitundu na kuzuia njia. Geuza vepu, igonge kidogo kiganjani, kitaondoka. Kwenye yangu kipimo hiki ni shida kwa sababu plastiki ya tangi ni nyeusi, inabidi uielekeze kwenye taa. Aliyebuni tangi jeusi kwa kifaa ambacho kikikauka kinaungua sijui alikuwa anafikiria nini. Na kwa kuwa vitundu vya koili vimekaa juu kidogo kutoka sakafu ya tangi, juisi ikibaki robo tayari uko hatarini, hasa ukiwa umeinamisha. Najaza ikifika theluthi.

Ya nne haikuungua, ilichoka. Nilikuwa nimepata juisi ya 50/50 lakini tamu kweli, tamu ya kitindamlo. Siku ya tano ladha ikaanza kufifia, ikawa chungu, chungu ya sukari iliyopitiliza kwenye kikaango. Si ile ya pasi. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu mganga anahitaji kujua ni ugonjwa gani. Pasi ni pamba iliyokauka. Sukari chungu ni kile kikoleza utamu, mara nyingi sukralosi, kilichoganda juu ya waya na kuwa ukoko mweusi. Nilipoitoa koili na kuchungulia kwa juu niliuona ukoko wenyewe, kama masizi chini ya sufuria. Hakuna ulichokosea hapo. Juisi tamu hula koili, basi. Ukiipenda, hesabu koili zaidi.

Kuna jambo moja ambalo sikutaka kulipita. Nilipokuwa nimechoka kununua koili, nilianza kuvumilia. Nikajisemea nitaizoea, nivute tu ili isipotee bure. Usifanye hivyo. Juisi na pamba vikipashwa kupita kiasi hutoa kemikali kama fomaldihaidi na akrolini, zilezile zinazosababisha moshi wa sigara kuwa mbaya. Mwaka 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha vipimo vya watafiti wa Portland State University nchini Marekani: kwenye volti 3.3 hawakukuta dalili ya fomaldihaidi, kwenye volti 5 wakaikuta. Daktari wa moyo kutoka Ugiriki, Konstantinos Farsalinos, akapinga kwamba kwa joto lile hakuna mtu ambaye angeendelea kuvuta, kwa sababu ladha ingemfukuza. Mimi nikazisoma hoja zote mbili kwa namna moja: ladha ile ni kengele, na mimi nilikuwa najifunza kuizoea kengele.

Sasa kuhusu kifaa chenyewe, maana mtu anataka kujua kama anunue cha aina hii. Betri inanifikisha jioni. Kitufe kinafungwa kwa kubonyeza mara tano, na hili litumie kila ukiiweka mfukoni, kwani ikibonyezwa huko inachemsha pamba bila hewa yoyote kupita. Tundu la hewa linarekebishika. Nilikuwa nalifunga karibu lote ili mvuto uwe mgumu kama sigara, ila nilipolifungua nusu koili zilianza kukaa baridi zaidi na ladha ikapanda. Kuvuja ni kidogo, tone moja moja chini ya koili ambalo nalifuta kwa karatasi laini kila ninapojaza. Ningeinunua tena? Ndiyo, lakini ningeanza na yenye tangi linaloonyesha ndani.

Sigara sijagusa tangu wiki ya pili. Koili ya tano, kwenye juisi ya 50/50 isiyo tamu sana, wati 13, imekwenda siku kumi na saba na imeanza tu kupoteza ladha juzi. Ya sita nimeichomeka kabla sijaanza kuandika haya, tangi limejaa, na bado sijaivuta.