Uzoefu wangu na leza ya presha ya macho

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 52, naishi Moshi. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu aliyepigwa leza ya presha ya macho anieleze inakuwaje, sikumpata. Kila niliyemuuliza alinipa habari za mtoto wa jicho, na hayo ni maradhi mawili mbalimbali kabisa. Mtoto wa jicho ukifanyiwa upasuaji unaona tena. Presha ya macho, au glakoma kama wanavyoiita madaktari, ikishakula mshipa wa jicho, ule wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, kilichokwenda kimekwenda.

Nalijua hilo kwa mama yangu mzazi. Aliambiwa ni mtoto wa jicho, asubiri akomae ndipo atolewe. Akasubiri. Tulipomfikisha kwa bingwa, jicho moja lilikuwa halioni hata mwanga wa tochi, na la pili limebakiza kitundu cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Siku ile hakuna aliyetuambia kwamba na sisi watoto wake tukapimwe, wakati ugonjwa huu unatembea kwenye damu za ukoo.

Mimi nilikwenda kutafuta miwani tu. Uzi ulikuwa hauingii kwenye tundu la sindano. Duka la miwani nililoanzia waliniweka kwenye ile mashine yenye picha ya puto mwisho wa barabara, puto linafifia, linarudi, na dakika mbili baadaye namba za miwani zilishatoka. Nilimwambia mpimaji kwamba mama alipofuka kwa presha. Akanijibu, "Macho yako mazima, mama, ni umri tu." Hakunipima presha wala hakuangalia nyuma ya jicho. Miwani ilikuwa nzuri, uzi ukaingia, nikashona mwaka mzima roho imetulia, kumbe huku nyuma mshipa unaliwa. Linaniuma mpaka leo. Mashine ya puto inapima namba ya miwani, basi. Ukitoka hapo ukadhani umepimwa macho, umejidanganya, na waliokupima wanajua.

Dada yangu ndiye aliyenisukuma mpaka kitengo cha macho cha hospitali kubwa. Pale waliniwekea tone la ganzi, wakatia na rangi ya manjano, kisha daktari akasogeza kijipande kidogo chenye mwanga wa bluu kikagusa jicho. Hakiumi. Jicho la kulia 29, la kushoto 24, wakati kawaida ni kuanzia 10 hadi 21. Nikaanza kulia palepale. Daktari akanisubiri, halafu akaniambia jambo lililonisaidia: presha peke yake haitoshi kukuhukumu. Kuna mwenye 24 na mshipa wake mzima, na kuna mwenye 17 ambaye mshipa unakufa. Ndiyo maana akaniandikia vipimo viwili zaidi.

Cha kwanza ni OCT, picha ya tabaka za nyuma ya jicho. Unaweka kidevu kwenye kiti chake, paji la uso linagusa mkanda, unatazama alama ndogo ndani ya giza, na mwanga mwekundu unapita. Hakuna kinachokugusa. Aliyenipiga alinieleza kwamba inafanana na ultrasaundi ya mimba, ila badala ya sauti inatumia mwanga: unaingia, unarudi kutoka kwenye kila tabaka la nyuma ya jicho, na mashine inapima umbali. Teknolojia yenyewe ilitangazwa mwaka 1991 Marekani, na leo inaweza kupima tabaka la nyuzi za mshipa kwa maikroni, yaani sehemu ya 1,000 ya milimita.

Karatasi ilipotoka niliomba nionyeshwe. Kuna mstari mweusi unaopanda na kushuka, na jicho zima linatakiwa kuwa na vilele viwili, kwa sababu nyuzi ni nene juu na chini ya mshipa. Mstari wa jicho langu la kushoto ulikuwa na vilele vyake viwili, vyote kwenye eneo la kijani. Wa kulia, kilele kimoja kilikuwa kimeporomoka mpaka kwenye nyekundu. Sisi tunaoamka kila siku tukitazama Kibo na Mawenzi, picha ile hatuhitaji kutafsiriwa. Wastani wa unene wa nyuzi kulia ulikuwa maikroni 71, kushoto 88. Nimeshika vitambaa na nyuzi maisha yangu yote, na nikaelewa kwamba ninachopoteza ni chembamba kuliko uzi wowote niliowahi kuutunga.

Kipimo cha pili, cha upana wa kuona, watu wengi wanakichukia, na mimi nilikichukia mara ya kwanza. Wanaziba jicho moja, unatazama ndani ya bakuli kubwa jeupe, macho yakae katikati, na kila ukiona nukta ya mwanga unabonyeza kitufe. Nukta zinakuja hafifu, mahali popote. Ikafika muda sikuona kitu nikadhani mashine imezima. Nikaanza kubonyeza hovyo. Dada wa kipimo akasema, "Mama, usikisie. Hata mwenye macho mazima kuna nyingi hazioni, mashine inatafuta mwisho wa uwezo wako." Laiti angeniambia hivyo kabla ya kuanza. Nilikuwa nimeshabana pumzi dakika nne nikihesabu kila nukta niliyokosa kama hukumu. Halafu umeme ukakatika, tukaanza upya. Matokeo yalionyesha doa jeusi upande wa juu, karibu na pua, jicho la kulia. Sikuwahi kulihisi, maana jicho la kushoto lilikuwa linalifunika.

Nilianzishiwa matone ya timololi. Siku ya tatu kifua kikabana, na mimi nina pumu tangu utoto. Kosa lilikuwa pande mbili: hawakuniuliza, nami sikuona sababu ya kutaja kifua kwenye chumba cha macho. Tafadhali, mwenye pumu, sema. Tone la jicho linaingia kwenye damu. Nikabadilishiwa latanoprosti, tone moja kila usiku. Ile inafanya kazi, ila chupa kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, na kuna mwezi nilizunguka maduka matatu ya dawa nikaikosa. Bei yake nayo ilikuwa inakula fedha za vitambaa. Nakiri kuna wiki nilizoruka, na niliporudi kliniki presha ya kulia ilikuwa imepanda tena, 27.

Hapo ndipo daktari alipotaja leza, ile wanayoiita SLT. Alinieleza kwamba hapa hapa kwetu, hospitali ya KCMC, ulifanyika utafiti wa kuilinganisha na timololi, ukachapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Nilipenda kwamba namba zile zilitoka kwa watu wanaoishi kama mimi, wanaopanda basi kwenda kliniki na wanaokosa dawa dukani.

Siku yenyewe: tone la kuzuia presha isipande, tone la ganzi, unakaa kwenye mashine kama ile ya kawaida ya kutazamia macho. Daktari anapachika lenzi ndogo yenye jeli juu ya jicho, na hapo ndipo penye karaha, si maumivu, ni kule kutamani kufumba na huwezi. Kisha unasikia tik, tik, tik, na kila tik mwanga wa kijani unapasuka. Kwangu zilikuwa kama 100 kila jicho. Hakukatwi kitu. Mwanga unalenga kichujio kilichopo kwenye pembe ya jicho ambako maji ya ndani ya jicho yanapita kutoka nje, unagonga chembe zenye rangi peke yake kwa muda mfupi mno, na mwili wenyewe unaanza kukisafisha, maji yakapata njia. Macho yote mawili yalichukua chini ya robo saa. Nilikaa saa moja, wakapima tena presha, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu na ukungu kidogo uliokwisha jioni. Siku mbili macho yaliniwasha na kuwa mekundu. Siku ya tatu nilikuwa kwenye cherehani.

Msitegemee muujiza kesho yake. Wiki ya kwanza presha ilishuka kidogo tu nikakata tamaa. Baada ya miezi miwili, kulia 18, kushoto 16, bila tone lolote. Doa jeusi liko palepale, na daktari alinionya mapema kwamba leza hairudishi kilichopotea, na kwamba nguvu yake inaweza kuisha baada ya miaka, ikabidi kurudiwa au kurudi kwenye matone. Nilikubali hivyo.

Malalamiko yangu ni mawili. Mashine ya leza iliharibika wiki tatu kabla ya zamu yangu, na hakuna aliyenipigia simu. Nilijua nilipofika dirishani nimeshafunga kibanda. La pili ndilo zito: karatasi za OCT hawakupi mpaka uombe. Ziombe, hata kama utaonekana msumbufu. Picha moja inasema kidogo. Faida inakuja wanapoweka ya mwaka huu juu ya ya mwaka jana na kuona kama kilele kimezidi kuporomoka. Na uliza mashine ni ya kampuni gani, uandike pembeni, kwa sababu namba za mashine moja hazilinganishwi na za nyingine. Mimi nilipelekwa kupiga ya pili mahali pengine, ikatoka 76, nikashangilia bure njia nzima.

Picha ya tatu, kwenye mashine ileile ya kwanza, ilitoka 70. Daktari akasema tofauti ya maikroni moja si kitu, mshipa umesimama. Mwezi huohuo nilimpeleka mwanangu wa kwanza, ana miaka 28, alikuja akinuna kwa sababu nilimkatishia kazi. Presha 15 na 16, vilele vyote vinne kwenye kijani. Nimeandika jina lake juu ya karatasi na tarehe, ipo kwenye faili langu, na mwakani tunarudi wote wawili.