Ganzi ya mgongo kwa mbwa: uzoefu wangu na Jeki

Jeki aligongwa na tuktuk hapa Bombolulu, Mombasa, Jumapili jioni, mfupa wa paja la kulia ukavunjika. Kesho yake daktari wa mifugo akaniuliza, "Mama, tumwekee na ganzi ya mgongo?" Bei ilikuwa shilingi 4,000 juu ya gharama ya upasuaji. Nilisita. Nawe ukiulizwa, usisite, kubali.

Nilitaka kujua: kama atapigwa nusukaputi, ganzi nyingine ya nini? Daktari akanieleza kwamba nusukaputi humwondolea mbwa fahamu, ila mwili wenyewe haulali. Kisu kinapopita, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo vilevile. Kortisoli, homoni ya msukosuko mwilini, hupanda, sukari ya damu hupanda, moyo huenda mbio, kama mnyama aliye vitani. Msukosuko huo ukizidi, hata kidonda huchelewa kupona. Ganzi ya mgongo huiziba njia, habari isifike, na dawa ya kulaza nayo hutumika kidogo. Hapo nilimwelewa upesi, maana kifunguamimba wangu nilimzaa kwa upasuaji nikiwa macho, nasikia mikono ya madaktari tumboni lakini uchungu hapana. Mbwa hawezi kutulia akiwa macho, ndiyo maana hupewa zote mbili.

Hawakukimbilia sindano, na hilo lilinipa imani. Walimtoa damu kwanza. Huku Pwani kupe ni wengi, na homa ya kupe hupunguza chembe zinazogandisha damu. Mbwa wa hali hiyo akidungwa mgongoni, damu inaweza kuvujia ndani ikaubana uti. Wakakagua na ngozi, kwani penye usaha hapadungwi.

Niliruhusiwa kusimama mlangoni. Jeki amelazwa kifudifudi, usingizi umemchukua, miguu ya nyuma imevutwa mbele. Daktari alinyoa mraba wa manyoya juu ya mkia, akapasafisha mara kadhaa, akaweka kidole gumba na cha kati juu ya mifupa miwili ya nyonga, cha shahada kikitafuta kibonde baada ya pingili ya saba ya kiuno. Akachoma sindano, akadondosha tone la maji kwenye tundu lake la juu, akasukuma taratibu sana. Tone lilikaa liking'aa, halafu likafyonzwa ndani, likatoweka. "Tumefika," akasema. Dawa ilikuwa bupivakaini, ambayo hufanya kazi kwa saa chache, pamoja na mofini kidogo, inayoweza kupunguza maumivu hadi karibu siku nzima.

Miaka iliyopita nilikuwa na mbwa mwingine aliyepasuliwa mguu kwenye kliniki nyingine, bila ganzi hii. Aliamka akilia, akang'ata taulo hadi ikachanika, na usiku kucha nilikaa naye sakafuni. Siku mbili hakutia kitu mdomoni. Nilidhani upasuaji ndivyo ulivyo, na hadi leo roho inaniuma kwamba sikujua la kuuliza.

Jeki alifungua macho, akainua kichwa, akanitazama. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea kama kitambaa, lakini hakulia. Usiku alilala. Asubuhi akala sima na dagaa mkononi mwangu, huku paja lina bamba la chuma na skrubu.

Lalamiko langu ni hili: hakuna aliyeniambia habari ya mkojo. Mofini ya mgongoni inaweza kukifanya kibofu kigome. Kufika adhuhuri Jeki hajakojoa hata tone, tumbo limekaza, anahema. Nilipiga simu mara nne ndipo ikapokelewa. Tukarudi mbio, wakamtia mpira, mkojo ukatoka mwingi mno. Daktari aliniomba radhi, nami nikapokea, lakini jambo kama hilo huambiwa mwenye mbwa kabla hajatoka mlangoni. Manyoya ya pale waliponyoa nayo yalikawia. Miezi mitatu baadaye bado yalikuwa mafupi. Hilo halinisumbui.

Wiki ya sita eksirei ilionyesha mfupa umeunga. Nikirudi pale, na nitarudi, ganzi nitaitaka mwenyewe. Ila nitaondoka nimeandikiwa kwenye karatasi saa ambayo mbwa anapaswa awe amekojoa, na namba ya simu inayopokelewa usiku.