Tulivyotoa duka kwenye Excel: uzoefu wangu na mfumo wa kutengenezewa

Ninatunza hesabu za biashara ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza: duka moja Igoma, jingine Nyegezi, na stoo inayopokea mzigo kutoka Dar. Kwa miaka mingi kila kitu kilikaa kwenye Excel. Sasa tuna mfumo uliotengenezwa kwa ajili yetu, unaofunguliwa kwenye kivinjari cha kompyuta au simu, na taarifa zote zinaingia kwenye hifadhidata moja, yaani ghala la kumbukumbu la kompyuta ambalo sote tunalitumia. Wenzangu wa maduka ya jumla wananiuliza kama hela ile ilistahili kutoka. Ilistahili, ingawa si kwa yale ambayo wauzaji wa mifumo hupenda kuyaonyesha.

Wao huonyesha grafu za rangi. Sisi tuliona faida kwenye nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.66, kwa hiyo tani moja inatoa vipande 93 au 94. Mzigo unaingia kwa tani, unatoka kwa vipande, na wapo wateja wanaotaka nusu kipande. Kwenye Excel, Igoma walikuwa wakigawa kwa 94, Nyegezi kwa 93, na stoo wanaandika tani tu. Hakuna aliyekuwa mwizi, ila mwisho wa mwezi vipande havitimii, na watu wanaanza kuangaliana vibaya. Siku hizi kipimo kimeandikwa mahali pamoja kwa wote. Lori likishusha, stoo wanaingiza uzito ulio kwenye hati pamoja na idadi ya vipande walivyohesabu kwa mkono. Kama kuna tofauti inaonekana palepale, dereva akiwa bado hajaondoka.

Kisha madeni. Wenye maduka madogo vijijini wanachukua bati na misumari kwa mali kauli, wanalipa wakishauza. Mafundi nao wanakopa hadi mwenye nyumba awape chao. Mtu mmoja alikuwa "Fundi Masanja" kwenye faili la Igoma, "Masanja Buhongwa" kwenye la Nyegezi, na "Masanja" tupu kwenye langu. Kila duka lilimwona anadaiwa kidogo, likaendelea kumpa. Tulipomkusanya kwenye rekodi moja, deni lilimshtua hata yeye. Alikuja, tukakaa, akapanga namna ya kulipa, na mpaka leo ni mteja wetu.

Mfumo unamtambua mteja kwa namba ya simu, na hapo ndipo Excel ilipokuwa ikitutesa zaidi. Ukiandika namba inayoanza na 0754, inaondoa sifuri ya mbele kwa kudhani ni tarakimu za kujumlisha. Namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 inaigeuza kuwa kitu kama 9.91E+11. Unaweza kuizuia seli moja moja, lakini mtu akibandika orodha kutoka kwingine, tatizo linarudi. Hifadhidata huambiwa tangu mwanzo kwamba hapa ni maandishi, hapa ni tarehe, hapa ni fedha, na ukiweka kisichofaa inakataa. Dada wa kaunta ya Nyegezi alichukizwa sana na kukataliwa huko siku za mwanzo. Kwangu, kukataa huko ndiko nilikokulipia.

Asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya maduka tu. Oktoba 2020 huko Uingereza, visa 15,841 vya Uviko-19 vilikosekana kwenye takwimu za kila siku za Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya huko wakati huo. Iliripotiwa kwamba matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, unaoishia kwenye mistari 65,536. Kilichozidi kiliachwa nje, na waliokuwa karibu na wagonjwa wale walichelewa kutafutwa. Excel ni chombo kizuri cha kupigia hesabu. Kuifanya ghala la kumbukumbu ambazo watu wengi wanazigusa kwa pamoja ni kuibebesha kazi isiyo yake.

Kijana aliyetutengenezea hakuanza na kompyuta. Alikuja Igoma, akamwamkia mzee mwenye duka, akaomba kusimama kaunta siku nzima bila kugusa chochote. Akaona mteja anarudisha mabati mawili yaliyopinda na kuongezewa misumari badala ya kurudishiwa fedha. Akaona punguzo linatolewa kwa kutikisa kichwa tu. Akauliza: nani ana ruhusa ya kupunguza bei, na mpaka kiasi gani? Hatukuwa na jibu moja. Mzee alisema moja, mwanawe akasema jingine, mbele yetu sote. Maswali ya namna hiyo yalichukua muda mrefu kuliko uandishi wa programu, nami nayaona ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Mtengenezaji akikutumia bei kabla ya kuja kuona mnavyouza, mwache.

Kusafisha mafaili ya zamani kulituchosha kuliko tulivyotarajia. "Bati G30", "bati geji 30" na "BATI 30 nyeupe" ziligeuka bidhaa moja baada ya mabishano. Hakuna programu itakayokuamulia hilo. Lazima akae mtu anayeijua stoo.

Huyo kwetu ni mtunza stoo, mtu mzima, na ndiye aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote, maana kila badiliko sasa linabaki na jina na saa. Aliniita pembeni akaniuliza, "Mwanangu, kitu hiki kimeletwa kunipeleleza?" Nikamjibu, "Hapana mzee, kinakuandikia ushahidi." Haukupita muda, zikatafutwa katoni za misumari Nyegezi. Rekodi ikaonyesha alizitoa kihalali, na dukani ndiko hawakuthibitisha kupokea. Zilikuwa nyuma ya mifuko ya saruji. Tangu hapo yeye ndiye anayewafundisha wafanyakazi wapya kuutumia mfumo.

Gharama: shilingi milioni 7 kwa awamu tatu, kisha malipo ya kila mwezi ya seva na matengenezo. Vilivyotumika kuujenga mfumo, Django (ya kuundia programu za tovuti) na PostgreSQL (ya hifadhidata), ni vya bure, na misingi ya hifadhidata si jambo la jana: Edgar Codd wa IBM alieleza namna ya kupanga taarifa kwenye majedwali yanayohusiana tangu 1970. Kwa hiyo unacholipia ni akili na muda wa mtu. Kwenye mkataba tulisisitiza kwamba msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, ni wetu, jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la kampuni, na nakala ya akiba inachukuliwa kila usiku. Jirani yetu mmoja hakuyaandika hayo. Alipotaka kubadilisha fundi wa mfumo, aliambiwa taarifa zake mwenyewe azinunue upya. Sisi tuliomba pia nakala irejeshwe kwenye kompyuta tupu mbele ya macho yetu, tukahesabu madeni mpaka yakalingana, ndipo awamu ya mwisho ikalipwa.

Msisahau kwamba majina, simu na madeni ya wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Muulize mtengenezaji seva yake, kompyuta inayotunza taarifa zenu, iko wapi. Kwetu, muuzaji wa kaunta anaona deni la mteja aliye mbele yake tu, haoni orodha nzima.

Kasoro zipo. Umeme au mtandao ukikatika, duka linarudi kwenye kitabu cha risiti, na jioni mtu anaingiza mauzo kwa mkono. Ruta yenye laini za mitandao miwili imepunguza adha hiyo, haijaimaliza. Mfumo wetu pia hauongei na EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi, hivyo risiti hiyo tunaitoa kando, kazi mara mbili. Na ripoti mpya ambayo zamani ningeiunda mwenyewe kabla ya chai, sasa namwomba fundi wa mfumo, nasubiri, nalipa. Tulichofanya ni kuongezewa kitufe cha kushusha data kwenda Excel. Nachambulia huko nitakavyo, ila hakuna kinachorudi kutoka huko kuingia kwenye mfumo.

Mwenye duka moja, muuzaji mmoja, asiyekopesha, abaki na Excel yake na asishawishiwe na mtu. Sisi tumeshaagiza kipande kinachofuata: ujumbe wa simu wa kumkumbusha mteja deni lake siku chache kabla ya tarehe ya kulipa. Mzee ameshika jambo moja tu, kwamba maneno ya ujumbe huo atayaandika yeye mwenyewe, kwa heshima, kwa kuwa wengi wa wanaodaiwa ni watu aliokua nao.